Siku Simu ya Mama Ilipowasomea Wageni Meseji Zetu

Bora niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine, maana hapa Nkuhungu, Dodoma, hata muuza chapati wa kona yetu aliniuliza, "Eti kaka, ni kweli?" na mimi nikajifanya sijui anazungumzia nini. Ni kweli. Mama yangu mzazi aligundua mbele ya wageni waliokuja kumposa mdogo wangu kwamba wanawe wanne tulikuwa tumemdanganya kwa wiki tatu nzima, na aliyemwambia hakuwa jirani wala mbea wa mtaa, ilikuwa sabufa ya sebuleni kwangu, tena niliyeiwasha ni mimi.

Naitwa Shabani. Nina steshenari ndogo, natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu za mtandaoni, na simu zikigoma wananiletea, ingawa fundi hasa siyo, nimejifunza kwa kuchokonoa tu. Kwa sababu hiyo nilijifanya mwalimu wa mtaa mzima. Mteja akikaa kwenye benchi langu kusubiri kopi, lazima aondoke na somo. Nawaambia mtu anayetuma sauti ya dakika saba wakati jibu lenyewe ni "ndiyo" anyang'anywe simu apewe redio. Nawaambia mtu anayekuandikia "mambo" halafu ananyamaza mpaka umjibu ndipo aseme shida yake anakupotezea maisha. Nina maoni kuhusu picha za maua ya waridi zinazotumwa kila asubuhi, nina maoni kuhusu watu wasiofanya apdeti, na kuhusu wanaoweka nywila ya moja mbili tatu nne ndiyo usiniguse kabisa, naweza kuongea mpaka wino wa printa ukauke. Mke wangu Rehema alishaniambia, "Baba Salma, siku moja hiyo simu itakujibu." Nikacheka.

Sasa, mama yetu anaishi Kondoa, kule milimani, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, ana shamba la mbaazi na ng'ombe watatu ambao anawataja mara nyingi kuliko anavyotutaja sisi. Macho yake yalipatwa na mtoto wa jicho, akaanza kumwagia chai pembeni ya kikombe, ikabidi nimlete kwangu Dodoma atibiwe. Jicho moja likafanyiwa upasuaji, likaenda vizuri. Daktari akasema la pili lisubiri miezi kadhaa, na katikati hapo anaweza kurudi nyumbani kwake bila wasiwasi.

Hayo daktari aliniambia mimi, Mama akiwa nje kwenye benchi. Nilipotoka akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamtazama pale na kile kitambaa cheupe kwenye jicho, nikafikiria ile nyumba ya Kondoa, kisima kilivyo mbali, na yeye peke yake usiku na mchana, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Amesema tusubiri kidogo, Mama. Bado anakuangalia."

Jioni nikawaandikia ndugu zangu. Tulikuwa na kundi la meseji la sisi wanne tu, alilianzisha dada yetu mkubwa Mwanaidi (ni mwalimu, anapenda mambo yawe na utaratibu) wakati wa kupanga habari za upasuaji, ili tusimtishe mzee wa watu. Jina alilolipa kundi hilo ni "Bila Mama". Wakati ule hatukuona ubaya wowote. Mwanaidi akaniunga mkono, akasema afadhali akae hukohuko moja kwa moja. Juma, kaka yangu anayelima mpunga kule Bahi, akatuma kidole gumba, yeye kila jambo anatuma kidole gumba, hata tukimtangazia msiba. Zaituni, kitinda mimba wetu, aliyekuwa akiishi kwangu, hakuandika kitu. Tukahesabu kimya chake kuwa amekubali.

Wiki zikaenda. Mama kila asubuhi, "Daktari kasemaje?" na mimi, "Bado, Mama." Ukizoea unaona kawaida, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Siku moja kitochi chake, ile simu ndogo ya vitufe, kikatumbukia kwenye ndoo ya maji na kufa palepale, laini nayo ikapotea katika kuhangaika kukikausha. Nikasema hii ndiyo nafasi ya kumfundisha Mama teknolojia. Nilikuwa na simu janja yangu ya zamani, nzima kabisa, na simu hizi zina kitu kizuri mno ambacho watu hawakitumii: unaweza kuiamuru ikusomee kwa sauti kila kinachoingia. Mtu mwenye shida ya macho hahitaji kusoma, simu inasoma kwa niaba yake. Nikampeleka kusajili laini. Yule binti wa dukani akamwomba aweke kidole kwenye mashine. Mashine ikakataa. Cha pili, ikakataa. Wakamfuta mikono kwa kitambaa, wakampaka mafuta, vidole vyote kumi vikapita pale, mashine inatoa taa nyekundu tu, maana mikono iliyoshika jembe miaka hamsini michirizi yake imeshalika. Mama akavuta mkono wake taratibu, akamwambia yule binti, "Mwanangu, hiyo mashine haijawahi kulima."

Watu kwenye foleni wakacheka, na mimi nikafanya uamuzi ambao ndio mwanzo wa yote. Nikasema, "Achana nao, Mama. Nitakupa laini yangu ya zamani."

Laini ile nilikuwa sijaitumia karibu miezi miwili. Jumapili asubuhi, siku wageni wanakuja, nikaiweka kwenye simu, nikapakua programu ya meseji, na programu ikakumbuka kila kitu, majina yakarudi, makundi yakarudi, moja baada ya lingine. Nikayaona yanashuka. Nikasema nitayaondoa baadaye, sasa hivi kuna viti vya kupanga. (Mimi! Mimi ninayewaambia wateja kwamba simu ikihamia kwa mtu mwingine lazima ufute kila kilichomo! Nimewahi kumgombeza mstaafu mmoja kwa kosa hilohilo.) Na sikukumbuka kwamba nilipohamia laini mpya, Mwanaidi aliingiza namba mpya kwenye "Bila Mama" lakini ile ya zamani hakuna aliyeitoa.

Nikaijaribu. Nikamwandikia kutoka simu yangu: "Habari za asubuhi Mama, umependeza." Simu ikasema, kwa sauti ya kike iliyonyooka kama rula, "Shabani. Habari za asubuhi Mama. Umependeza."

Mama akashtuka, akaigeuza simu nyuma na mbele. "Huyu binti yuko wapi?"

"Hayupo, Mama. Ni simu inasoma."

"Ana adabu," akasema. "Lakini hajui kupumzika katikati ya maneno." Akaniambia niandike tena, nikaandika, akacheka mpaka akajifuta lile jicho zima kwa pindo la kanga. Kwa furaha ile nikazidisha. Nikaiunganisha simu na sabufa ya sebuleni kwa blututhi, ili awe anasikiliza mawaidha yake vizuri, na sauti nikaipandisha mpaka juu kwa sababu masikio nayo si ya kijana. Nikajiona mtoto bora katika Mkoa mzima wa Dodoma.

Saa nane mchana wageni wakafika kutoka Kizota, ambako mwoaji, Yusufu, ana karakana ya kuchomelea mageti. Yeye mwenyewe hakuja, kama ilivyo desturi. Alikuja baba yake mdogo, Mzee Omari, mtu mpole amevaa kanzu ya kahawia, na shangazi yake, Bi Khadija, ambaye ukimwona tu unajua kwamba ndiye mwenye kauli, pamoja na wanaume wawili waliokaa kimya mwanzo hadi mwisho. Zaituni tulimficha nyumba ya jirani, asubiri kuitwa. Mwanaidi na Rehema walikuwa uani na masufuria. Sebuleni nilibaki mimi na Mama, simu mapajani mwake chini ya kanga, kama kifaranga.

Baada ya shikamoo na marahaba na habari za safari (kutoka Kizota hadi Nkuhungu unaweza kwenda kwa miguu, lakini habari za safari lazima ziulizwe), nikasimama nikatoa tangazo: "Ndugu zangu, tunaomba simu zote ziwe kimya, tuheshimu kikao." Wote wakatoa simu wakazizima sauti. Mzee Omari akanisifu, akasema vijana wa siku hizi wachache wana ustaarabu huo. Nikakaa nimejaa.

Bi Khadija akauliza, "Tuliambiwa kuna kaka mwingine."

"Yuko njiani," nikasema. "Anaingia Kizota sasa hivi." Hivyo ndivyo Juma alivyonielekeza nijibu.

"Kizota sehemu gani?" akauliza Mzee Omari kwa nia njema tu. "Sisi si ndiko tumetoka."

Sijafungua mdomo, kona ya sebule ikasema kwa sauti iliyotikisa vikombe kwenye kabati:

"Bila Mama. Zaituni. Nimewachungulia dirishani. Huyo mzee mwenye kanzu ya kahawia msimpe nyama ngumu. Meno yake ya mbele ni ya kuvaa. Uso unaocheka kwa machozi. Uso unaocheka kwa machozi. Uso unaocheka kwa machozi."

Wageni wakatazama dari. Mmoja wa wale wanaume wawili akatazama chini ya kochi. Mzee Omari akafunga mdomo, akaufunga kwa nguvu kabisa. Mimi nilijua mara moja. Nikaelewa kila hatua niliyoikosea tangu pale kwenye mashine ya vidole, kwa mpangilio, kama risiti.

"Ni... ni redio," nikasema.

"Bila Mama," sabufa ikaendelea. "Juma. Ndiyo kwanza natoka kuoga hapa Bahi. Wewe shikilia kwamba niko Kizota. Kidole gumba."

Nikaruka. Nikamwambia Mama, "Mama, lete simu kidogo," nikaichukua mapajani kwake, nikagusa kioo niizime, na hapa ndipo mwenye elimu ndogo anapoumbuka, maana simu ikiwa kwenye hali ile ya kusoma haiguswi kama kawaida, ukigusa mara moja haifanyi kitu, inakutajia tu ulichogusa. "Kamera," ikasema sabufa. Nikagusa pengine. "Kikokotoo. Gusa mara mbili ili ufungue." Nikagusa mara mbili. Kikokotoo kikafunguka. "Saba," ikasema. "Saba. Nane. Jumlisha." Jasho linanitiririka mpaka kwenye nyusi. Nikaiacha simu mezani, nikachomoa yangu mfukoni, nikaandika: ACHENI KUANDIKA SIMU YA MAMA INASOMA KWA SAUTI. Nikatuma. Mtandao wa laini yangu ukagoma. Nikaona ile alama ya saa inazungukazunguka, haiendi.

Mama alikuwa ametulia. Nadhani alifikiri ni utani wa vijana, na ili kuwaokoa wageni akabadilisha mazungumzo kwa upole kama anavyofanya siku zote. Akawaambia, "Mniwie radhi, ndugu zangu, mimi hapa ni mgeni kama ninyi. Nangoja neno la daktari tu nirudi kwangu Kondoa, mbaazi zangu zinanisubiri."

Mwanaidi alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sinia la juisi. Akamsikia. Nikamkonyeza, nikamtolea macho, nikatikisa kichwa, yeye akafikiri namaanisha jambo lingine kabisa. Akaweka sinia, akatoka. Nikataka kumfuata, lakini Bi Khadija alikuwa ananitazama kama polisi wa barabarani. Nikageukia sabufa. Waya wake uko nyuma ya kabati, kabati limejaa vyombo vya harusi yetu. Nikaanza kulisogeza.

"Bila Mama," sabufa ikasema. "Mwanaidi. Shabani kuwa makini. Mama anawaambia wageni anangoja daktari. Usije ukateleza ukasema daktari alishamruhusu wiki tatu zilizopita. Asijue kabisa. Nyumba ya Kondoa tutatafuta mtu wa kukaa."

Nikaacha kusogeza kabati. Nilibaki nimelikumbatia, kifua changu kwenye vioo, sikutaka kugeuka. Upepo wa Dodoma ulikuwa unapiga bati nje.

"Shabani," Mama akaita.

"Naam, Mama."

"Geuka."

Nikageuka. Hakuwa amekasirika, na mama yetu akikasirika mnajua, anahamia Kirangi, lugha ya kwetu Kondoa, na hata mbwa wa jirani anakimbia. Alikuwa ananitafuta kwa lile jicho lililopona, kama vile chumba kimeingia giza.

"Daktari aliniruhusu lini?"

"Siku ile ya kwanza tuliyorudi kwake, Mama."

"Siku niliyokaa kwenye benchi nje."

"Ndiyo, Mama."

Akatikisa kichwa mara moja. Akawageukia wageni, akaweka mikono yake miwili juu ya magoti. "Endeleeni, ndugu zangu. Mmekuja kwa jambo la heri. Haya ya kwangu yatasubiri."

Lakini Bi Khadija hakuendelea. Alivuta kanga yake mabegani, akasema, tena kwa unyenyekevu, ndiyo maana iliuma zaidi, "Mama Mwanaidi, tusamehe. Sisi tumekuja kuomba mtoto katika nyumba hii. Sasa nyumba yenyewe inasema hili mdomoni na lile kwenye simu. Kama mama mzazi anafichwa hivi, mtoto wetu naye atafichwa mangapi? Mimi naona tungerudi kwanza, tukazungumze."

Mzee Omari hakupinga. Asingeweza kupinga, alikuwa bado hajafungua mdomo tangu habari za meno. Wale wanaume wawili wakaanza kuvuta miguu. Na mimi nikamwona Zaituni, miaka miwili anamngoja Yusufu amalize kujenga vyumba viwili, wiki nzima anashona lile gauni, na yuko hapo kwa jirani ukuta wa tatu, mikono ina hina, anangoja kuitwa. Nikasema, "Jamani, kosa ni langu mimi, yeye..." Mimi ninayewahubiria wateja kutwa nzima, neno halikuja.

Neno likaja kutoka kwenye kona.

"Bila Mama. Zaituni. Dada Mwanaidi mimi sikubali. Nimenyamaza wiki tatu na nimechoka. Kila siku Mama ananiuliza daktari kasemaje na mimi najifanya naosha vyombo. Mkimtaka akae mwombeni. Asipotaka arudishwe kwake. Msipomwambia leo, mimi nitamwambia usiku huuhuu, hata kama mtanisusia harusi."

Hakukuwa na nyuso za kucheka mwisho wake. Ile sauti ya rula ilisoma yote hayo bila kupanda wala kushuka, na sijui kwa nini ilikuwa kama imesomwa kwa kilio.

Mama alinyoosha kidole kuelekea kwenye sabufa, akamwambia Bi Khadija, "Huyo ndiye mliyekuja kumposa. Hawa wengine hamuwaoi."

Bi Khadija alikuwa ameshanyanyuka nusu. Akabaki hivyo kidogo, mkono kwenye kiti. Kisha akakaa. Akaitazama ile simu kwenye meza, akamtazama Mama, nikaona midomo yake inapigana na jambo.

"Amesema hata mkimsusia," akasema.

"Amesema," Mama akajibu.

Na hapo, kwenye utulivu ule, mtandao ukarudi.

"Bila Mama," sabufa ikanguruma. "Shabani. Acheni kuandika, simu ya Mama inasoma kwa sauti."

Aliyeanza kucheka ni Mzee Omari. Alicheka mpaka akalazimika kuweka mkono mdomoni kuyashikilia yale meno, halafu akaona haina maana tena kuyaficha, akaachia, akasema, "Wallahi, mwambieni binti yetu ile nyama laini naikubali!" Bi Khadija akaangukia bega la Mama. Hata wale wanaume wawili, ambao nilishaamini ni mabubu, walikuwa wanagongeana mikono. Mama naye alicheka, lakini hakunitazama.

Mwanaidi alikuja mbio kutoka uani, simu mkononi, uso umemshuka, akasimama mlangoni akiwa na mwiko. Mama akamwambia, "Ingia, mwalimu, tunasoma." Sijawahi kumwona dada yangu, mtu anayenyamazisha darasa zima kwa macho tu, akitafuta mahali pa kuweka mwiko namna ile.

Posa ilipokelewa. Zaituni aliitwa, akaja ameinamisha kichwa kwa haya ya bibi harusi, simu yake ilikuwa imeisha chaji kabla ya onyo langu kufika, na mpaka wageni wanaondoka hakuna aliyempa habari kwamba tayari alishaongea kikaoni mara mbili. (Alipoambiwa jioni, alijifungia chooni nusu saa.) Juma alifika wakati tunaosha sufuria, akaingia anahema, "Kizota foleni, jamani," na sisi wote tukamtazama tu.

Wageni wakaisha, mimi na Mama tukabaki. Hakuniongelesha siku ile, wala siku ya pili. Chai anapokea, salamu anajibu, basi. Ile simu ndiyo alikuwa anaizungumzisha, anaiuliza, "Leo kuna nini, binti?" na mimi nimekaa hapohapo pembeni. Nimewahi kupoteza kazi ya wiki tatu kwenye kompyuta kwa kukatika umeme na sikuumia hivyo.

Siku ya tatu asubuhi nilimkuta uani anachambua mchele, analeta chembe karibu na jicho, anaitazama, anatupa jiwe. Alikuwa anaona. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwomba msamaha, nikaanza kujieleza, kisima kiko mbali, Mama, uko peke yako, ukianguka nani atakuokota, na sisi tuko mbali, tulifikiri, tulipanga...

Akanikatiza. "Ulitaka nikae."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa ulishindwa nini kuniambia, Mama kaa? Maneno mawili. Hata huyo binti wa kwenye simu angeyasoma." Akapeta ungo mara mbili. "Tangu baba yenu afe hakuna mtoto wangu aliyewahi kuniambia nikae. Mnaniuliza tu naondoka lini, mnikatie tiketi. Ungeniambia, ningekaa. Si moja kwa moja, nina ng'ombe. Lakini ningekaa."

Nilichukua ungo nikamsaidia kuchambua, akaninyang'anya, akasema mimi naacha mawe.

Alhamisi nikampeleka Kondoa mwenyewe. Tulipofika alipita moja kwa moja kwa ng'ombe, mimi nikabaki na mizigo. Kundi lile tulilifuta siku hiyohiyo. Mwanaidi alitaka tuanzishe lingine lenye jina zuri, Zaituni akamwambia, "Dada, tupige simu tu."

Bado nafanya kazi yangu. Bado nina maoni kuhusu sauti za dakika saba na sitabadilika. Lakini juzi alikuja mteja, kijana mwenye heshima zake, akataka nimfundishe kuficha mazungumzo yasionekane, eti wanapanga mambo ya baba yao na hawataki ajue. Zamani ningempa somo la nusu saa, bure kabisa, na ningejisikia fundi. Nilimrudishia simu yake, nikamwambia hiyo kazi siifanyi, akaniangalia kama nimerukwa na akili, akaenda duka la pili. Aende. Mimi nimeapa: mzazi wangu nikitaka kumpangia jambo, nitakaa mbele yake aone mdomo wangu unavyotetemeka, na laini yangu ya zamani nitaikata kwa mkasi kabla ya kumpa mtu.

Harusi ya Zaituni ilipofanyika Mama alikuja, akacheza, akakaa siku nne. Siku ya tano nikamkuta asubuhi anafunga furushi lake, kanga juu ya kanga, fundo la kwanza limeshakaza. Watoto wako pale, Rehema yuko pale. Nilijisikia mjinga, mtu mzima mwenye ndevu, nimesimama mlangoni.

"Mama," nikasema, "kaa."

Hakuinua kichwa. Alibaki ameshika ncha za kanga.

"Mpaka Jumapili," akasema, akaanza kulifungua lile fundo.